Muuzaji akikataa kufika mbele ya Bodi ya Ardhi, je, mahakama inaweza kumlazimisha akabidhi shamba?

Mkulima wa Kiminini

Wanajukwaa, hamjambo. Naomba ushauri kuhusu ununuzi wa shamba ambao umekwama, kwa sababu barua niliyoletewa na wakili wa muuzaji imenifanya nijiulize iwapo karatasi niliyotia saini ina thamani yoyote.

Mwaka 2019 nilikubaliana na jirani yangu, mzee ninayemheshimu, aniuzie ekari 2 kutoka katika shamba lake la ekari 11 lililoko Kaunti ya Trans Nzoia. Makubaliano yaliandikwa katika ofisi ya wakili mjini Kitale, tukatia saini sote wawili, na kila mmoja wetu alikuwa na shahidi aliyeandika jina lake na nambari ya kitambulisho chini ya saini. Bei ilikuwa shilingi 1,700,000. Nililipa 1,100,000 siku hiyo hiyo kwa hundi ya benki, na zilizobaki nikazilipa kidogo kidogo, nyingine kwa M-Pesa na nyingine mkononi, hadi zikasalia 150,000 ambazo mkataba unasema zitalipwa siku idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi itakapotoka. Mkataba unasema pia kwamba kuitafuta idhini hiyo ni jukumu la muuzaji.

Niliingia shambani msimu uleule. Nimezungushia ua, nimechimba kisima, nimejenga nyumba ya mabati, na miparachichi niliyopanda imekwisha kuanza kuzaa. Kila nilipomkumbusha mzee habari ya Bodi alikuwa na sababu: mara kikao kimeahirishwa, mara mpima ardhi hajakamilisha ramani ya mgawanyo, mara kitambulisho cha mkewe kimepotea. Sikumsukuma sana, maana tulikuwa tukiishi kwa wema. Kisha barabara ya lami ikafika upande wetu, bei ya ekari ikapanda kupita kiasi, na mwezi uliopita nikaletewa barua inayosema kwamba, kwa kuwa idhini haikupatikana ndani ya miezi sita, mauzo yalibatilika zamani, kwamba ninakalia shamba kinyume cha sheria, na kwamba nitarejeshewa fedha zangu bila riba nikishahama ndani ya siku 30.

Swali langu ni moja. Je, mahakama inaweza kumlazimisha mzee huyu atimize mkataba na kunihamishia ekari 2, au kilichobaki ni kuchukua fedha zangu na kuondoka?

Wakili wa Bonde

Ndugu Mkulima, pole kwa usumbufu. Barua uliyoletewa haikutungwa kwa uongo, lakini imesema nusu ya sheria na kuiacha nusu nyingine, na hiyo nusu iliyoachwa ndiyo inayokuhusu.

Kwanza umbo la mkataba. Kifungu cha 3(3) cha Sheria ya Mikataba, jinsi kilivyo tangu mwaka 2003, kinakataza mtu kufungua kesi juu ya mkataba wa kuuza ardhi isipokuwa mkataba huo umeandikwa, umetiwa saini na pande zote, na kila saini imeshuhudiwa na mtu aliyekuwapo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inarudia sharti hilohilo katika kifungu cha 38. Kwa maelezo yako, umeuvuka mlango huo. Wako watu wengi ambao makubaliano yao yaliandikwa kwa chifu, muuzaji akatia saini, wazee watano wakaandika majina yao, lakini mnunuzi mwenyewe hakutia saini popote. Hao huanza kesi wakiwa wamekwisha kujikwaa.

Pili ni Bodi, na hapa ndipo ulipo mgogoro wote. Sheria ya Kudhibiti Ardhi, ya mwaka 1967, inasema katika kifungu cha 6 kwamba uuzaji, ugawaji au ukodishaji wa ardhi ya kilimo iliyo katika eneo linalodhibitiwa ni batili kwa kila hali iwapo Bodi ya eneo hilo haikutoa idhini. Kifungu cha 8 kinataka ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Kifungu cha 7 kinasema fedha zilizolipwa katika mauzo yaliyobatilika zinadaiwa kama deni, na kifungu cha 22 kinafanya kuwa kosa kuendelea kukalia ardhi kwa kutegemea mauzo ya namna hiyo. Wakili wa mzee amesoma vifungu hivi vinne na kuishia hapo.

Kwa miaka mingi mahakama nazo ziliishia hapo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufaa ilisema waziwazi kwamba mauzo yakishabatilika kwa kukosa idhini, mnunuzi hawezi kudai hata fidia ya kuvunjiwa mkataba, kwa sababu hakuna mkataba uliovunjwa. Anachoweza kudai ni fedha alizotoa na basi. Unaweza kufikiria jinsi kauli hiyo ilivyowafaa wauzaji wasio waaminifu. Mtu anauza, anakula fedha, anakaa kimya hadi miezi sita ipite, kisha anatumia ukimya wake mwenyewe kama utetezi.

Hali ilianza kubadilika baada ya Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 10 inataja insafu, yaani kutenda haki kwa dhamiri njema, miongoni mwa maadili ya kitaifa yanayomfunga kila anayefasiri sheria. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya wanunuzi 88 waliokuwa wamelipa, wakaruhusiwa kuingia na kuishi katika viwanja vyao, lakini idhini ya Bodi haikupatikana. Mahakama ilisema kwamba muuzaji aliyepokea fedha na kuwaweka watu juu ya ardhi anaishika ardhi hiyo kwa amana, kwa niaba yao, na hawezi kuitumia sheria ya Bodi kama chombo cha dhuluma. Mwaka huohuo jopo jingine la mahakama ileile lilisema kinyume chake, kwamba Bunge likishasema jambo ni batili, insafu haina nafasi ya kulifufua. Kwa hiyo kwa miaka minne majaji wa chini walikuwa na hukumu mbili zinazopingana mezani, na kila mmoja alichagua iliyompendeza.

Mwaka 2018 jopo la Mahakama ya Rufaa lililoketi Eldoret lilizipima hukumu hizo mbili na kuegemea upande wa insafu. Lilisema kwamba kanuni ya amana, pamoja na ile inayomzuia mtu kuikana ahadi ambayo mwenzake ameitegemea hata akagharimika, zinatumika hata katika ardhi inayosimamiwa na Bodi, ila kila kesi ipimwe kwa mazingira yake. Mwishoni mwa mwaka 2023 Mahakama ya Juu nayo, katika shauri la kampuni ya Mombasa Bricks & Tiles, ilikubali kwamba amana ya aina hii inaweza kuingizwa katika mkataba wa kuuza ardhi na kumshinda hata yule ambaye jina lake limo katika hatimiliki. Shauri hilo halikuwa la Bodi, lakini limeipa kanuni yenyewe mizizi katika mahakama iliyo juu ya zote.

Jibu langu basi ni kwamba ndiyo, inawezekana, lakini si kwa njia ya moja kwa moja unayoifikiria. Nitaeleza zaidi ukijibu mambo mawili: hatimiliki ina jina la nani, na je, hizo malipo za mkononi zina stakabadhi?

Mzee wa Cherangani

Namshukuru wakili kwa maelezo, lakini naomba nimtahadharishe ndugu yetu asije akaingia mahakamani akidhani kwamba sasa Bodi haina maana tena. Nimehudhuria kesi nyingi za ardhi kule Kitale, nyingine kama shahidi na nyingine kumsindikiza jamaa, na niliyoyaona ni kwamba jaji haanzi na hukumu za Eldoret. Anaanza na fedha.

Jamaa yangu wa karibu alinunua ekari 3, akalipa chini ya nusu, na shamba akaliacha mikononi mwa muuzaji hadi amalize kulipa. Muuzaji alipogeuka, jamaa yangu alikwenda mahakamani akiomba mkataba utekelezwe. Aliulizwa swali moja tu na wakili wa upande wa pili: salio liko wapi leo? Akasema atauza ng'ombe. Kesi iliisha palepale ingawa hukumu ilikuja baadaye sana. Jaji alisema kwamba anayeomba mwenzake alazimishwe kutimiza ahadi lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe amekwisha kutimiza yake, au yuko tayari kuitimiza na ana uwezo wa kufanya hivyo. Aliamriwa arejeshewe alichotoa, akalipia na gharama za kesi.

Tena amri ya kumlazimisha mtu kutekeleza mkataba haidaiwi kama deni la dukani. Ni hiari ya mahakama. Hata mkataba ukiwa safi, jaji anaweza kuinyima iwapo ataona fedha zinatosha kumfidia mlalamishi, au amri hiyo itamwumiza mshtakiwa kupita kiasi, au mlalamishi mwenyewe amekawia bila sababu. Wewe unasema hukumsukuma mzee kwa sababu ya ujirani. Mimi nakuelewa, lakini wakili wake ataliita jambo hilo uzembe.

Dada wa Bungoma

Kabla hamjaenda mbali, mimi nina swali ambalo wakili amelidokeza. Mkulima, je, shamba hilo ni la mzee mwenyewe au ni la marehemu babake?

Nauliza kwa sababu huku kwetu nusu ya mauzo yanayogeuka kesi ni ya ardhi ya urithi. Mtoto mkubwa anauza kipande alichoonyeshwa na babake, kila mtu kijijini anajua ni chake, lakini hatimiliki bado ina jina la marehemu na mirathi haijathibitishwa na mahakama. Sheria ya Urithi inakataza mtu kugusa mali ya marehemu bila kibali, na hata msimamizi aliyeteuliwa haruhusiwi kuuza ardhi kabla ya uteuzi wake kuthibitishwa. Kama ni hivyo, habari za amana na insafu zinakuwa ngumu sana, kwa sababu mzee aliuza kisichokuwa chake, na wale dada zake ambao hawakuulizwa watasimama kortini pamoja naye.

Swali la pili linamhusu mkewe. Umesema kisingizio kimoja kilikuwa kitambulisho chake kilichopotea. Je, alitia saini popote? Tangu mwaka 2013 Sheria ya Mali ya Ndoa inataka idhini ya mwenzi kabla ya kuuza mali ya ndoa, na Bodi nyingi hazisikilizi ombi la kuuza shamba bila kumwona mke au mume wa muuzaji ana kwa ana. Mke akisema hakujua lolote, una kazi nyingine mbele yako.

Mkulima wa Kiminini

Asanteni sana nyote. Nimekwenda kutafuta karatasi zangu ili nisijibu kwa kukisia.

Hatimiliki ina jina la mzee mwenyewe. Nilifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kununua na cheti ninacho. Hakukuwa na mkopo wala zuio lolote. Shamba alilinunua yeye, si la urithi.

Mkewe ni mmoja wa mashahidi waliotia saini upande wa muuzaji. Jina lake na nambari ya kitambulisho zimo.

Kuhusu stakabadhi, malipo ya M-Pesa yote yanaonekana kwenye taarifa niliyoomba kutoka kwa kampuni ya simu. Yale ya mkononi yaliandikwa katika daftari la shule ambalo mzee alikuwa akiliweka kwake. Nilikuwa nikipiga picha ya ukurasa kila mara baada ya kulipa. Ukurasa wa mwisho unasema, kwa mkono wake mwenyewe: "Nimepokea elfu themanini kwa shamba la ekari mbili, imebaki laki moja na nusu, Bodi tutaenda baada ya mavuno." Kuna saini na tarehe ya Agosti 2021.

Salio lipo. Liko benki tangu wakati huo.

Kwa yale aliyosema mzee wa Cherangani, naomba pia kuuliza: je, muda wa kufungua kesi haujanipita? Mtu mmoja sokoni ameniambia ningoje tu nifikishe miaka 12 shambani, kisha ardhi iwe yangu kwa kuikalia.

Wakili wa Bonde

Ndugu, ukurasa huo wa daftari unaweza kukufaa kuliko mkataba wenyewe. Unaonyesha mambo matatu kwa sentensi moja: kwamba alipokea, kwamba alikubali kiasi kilichosalia, na kwamba miaka miwili baada ya mkataba, wakati ile miezi sita ilikuwa imekwisha kupita zamani, bado aliichukulia biashara hiyo kuwa hai na Bodi kuwa jukumu lake. Anayesema leo kwamba mauzo yalikufa mwaka 2019 atatakiwa aeleze kwa nini mwaka 2021 alikuwa akipokea elfu themanini. Usiitegemee picha ya simu peke yake. Andaa hati ya kiapo inayoeleza simu uliyotumia na jinsi picha ilivyochapishwa, na mwambie wakili wako ampe mzee notisi ya kulitoa daftari lenyewe mahakamani.

Ushauri wa kungoja miaka 12 usiufuate. Anayedai ardhi kwa kuikalia lazima aikalie kinyume cha matakwa ya mwenyewe, na wewe uliingia kwa ruhusa ya mkataba. Kuna uamuzi wa zamani wa Mahakama ya Rufaa kwamba, kwa mnunuzi aliyewekwa shambani na muuzaji, miaka 12 huanza kuhesabiwa siku anapomaliza kulipa bei. Wewe hujamaliza. Wakati unangoja, kesi inayotokana na mkataba ina miaka sita tu chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri. Utabishana kwamba mkataba ulivunjwa pale mzee alipokataa waziwazi kwa barua, naye atabishana kwamba ulivunjwa miezi sita baada ya kutiwa saini. Dai la kurejesha ardhi lina miaka 12, na dai la amana lina hoja zake tofauti, lakini sioni kwa nini umwachie mwenzako mlango wa kubishania tarehe. Fungua kesi sasa.

Namna ya kuifungua ndiyo inayoamua mengi. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni hati ya madai inayoomba jambo moja tu, yaani mkataba utekelezwe. Mahakama ilishasema, katika shauri la Reliable Electrical Engineers dhidi ya Mantrac Kenya la mwaka 2006, kwamba amri hiyo hutolewa juu ya mkataba halali unaoweza kutekelezwa, na haitolewi pale mkataba una kasoro ya kutotimiza masharti ya sheria. Ukiiomba peke yake, upande wa pili utaonyesha kifungu cha 6 na kukaa chini. Ndiyo maana dai lako la kwanza liwe tamko kwamba mzee anaishika ile ardhi ya ekari 2 kwa amana kwa ajili yako. Eleza ukweli unaounda amana hiyo mmoja baada ya mwingine: malipo, kuingia shambani kwa ridhaa yake, ua, kisima, nyumba, miti, na ahadi zake za kwenda Bodi. Amana isiyotajwa katika hati ya madai ni vigumu kuidai katika hoja za mwisho, na nimeona wanunuzi wenye haki wakishindwa kwa sababu hiyo tu.

Sambamba na hilo, omba muda wa kupeleka ombi kwa Bodi uongezwe. Kifungu cha 8 kilekile kinachotaja miezi sita kinairuhusu mahakama kuongeza muda huo ikiwa kuna sababu ya kutosha, na jambo hili linasahaulika kana kwamba halikuandikwa. Omba pia mzee aamriwe kutia saini fomu ya ombi na kufika mbele ya Bodi. Mwisho, kama ombi mbadala, dai fedha zako zote chini ya kifungu cha 7, pamoja na riba, ili hata ukishindwa katika mengine usitoke mikono mitupu.

Lile neno la kukutisha kwamba unakaa shambani kinyume cha sheria usilidharau, lakini usihame. Ukitoka kwa hiari yako, umeondoa nguzo moja ya amana. Nenda ofisi ya ardhi ukaweke zuio katika rejista chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, lile ambalo wengi hulijua kwa jina la kaveti. Mzee ataarifiwa na anaweza kuomba liondolewe, kwa hiyo zuio hilo ni la kununua muda tu. Ukishafungua kesi, omba mara moja amri ya muda ya kumzuia asiuze wala kuweka rehani shamba lote, kwa kuwa kipande chako bado hakina nambari yake.

Kesi utaifungua wapi? Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo Kitale, lakini mahakimu walioteuliwa kusikiliza kesi za ardhi nao wana uwezo, na Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza shauri la thamani isiyozidi shilingi milioni 20. Ekari 2 zako ziko ndani ya kiwango hicho. Hata hivyo, kwa kuwa sheria inasema ni Mahakama Kuu inayoongeza muda wa Bodi, na kwa masuala ya ardhi nafasi hiyo sasa ni ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, mimi ningeanzia huko ili nisianze kubishania mamlaka.

Kuhusu 150,000, omba mahakama ikuruhusu uziweke mahakamani au katika akaunti ya pamoja ya mawakili wa pande zote mbili. Mzee wa Cherangani amesema kweli kuhusu swali la salio, na hakuna jibu linaloshinda risiti.

Muuzaji wa Moiben

Nimesoma yote na nakubali kwamba katika kisa hiki mnunuzi ana haki. Lakini mjadala umekuwa wa upande mmoja, na wako wauzaji wanaosoma hapa ambao hawakumdhulumu mtu.

Mimi niliuza ekari 1 kwa mtu aliyelipa asilimia 10, akaahidi kumaliza ndani ya siku 90, akaingia shambani kwa nguvu kabla hata ya kumaliza robo, na kila nikimdai ananijibu kwamba niende kwanza Bodi. Nilikwenda. Idhini ninayo. Sasa anasema nikiuza kwa mwingine atanishtaki na kudai amana hiyohiyo mnayoieleza. Je, sisi tufungwe na wanunuzi wasiolipa mpaka lini? Na je, amana inajengwa kwa kuchomeka vigingi tu usiku?

Wakili wa Bonde

Hapana, mzee wangu, haijengwi hivyo. Hukumu zote nilizozitaja zina kitu kimoja cha kawaida: muuzaji alipokea fedha zote au karibu zote, na yeye mwenyewe ndiye aliyemweka mnunuzi shambani. Jopo la Eldoret lilisema kila kesi ipimwe peke yake kwa sababu ya watu kama huyo wako. Mnunuzi aliyevunja ratiba ya malipo haji mahakamani na mikono safi.

Kwa upande wako, angalia kama mkataba unataja Masharti ya Uuzaji ya Chama cha Mawakili cha Kenya, kwa kuwa mikataba mingi iliyoandikwa na mawakili huyaingiza kwa sentensi moja ndogo mwishoni. Kama yamo, huwezi kuuvunja mkataba kwa kupiga simu na kutukanana. Unampa notisi ya maandishi ya siku 21 ukisema wewe uko tayari kukamilisha, ukiambatisha nakala ya idhini ya Bodi, na kutaja kiasi anachodaiwa. Muda huo ukipita bila malipo ndipo unapoweza kuuvunja, na mkataba wenyewe utasema ni kiasi gani cha malipo ya awali utakachobakiza na ni kiasi gani utarejesha. Usimfukuze kwa vijana na mapanga, wala usiuze kwa mtu wa pili kabla ya hatua hiyo, maana hapo utakuwa umehama kutoka upande wa haki kwenda upande wa mshtakiwa.

Dada wa Bungoma

Niongeze jambo moja kwa Mkulima, kwa kuwa sasa tumejua mke alishuhudia. Mwambie wakili wako amwite mama huyo kama shahidi, au angalau asimwache nje ya taarifa za mashahidi. Pia chukua picha za kisima na miti pamoja na stakabadhi za vifaa vya ujenzi. Kuna majaji wanaokwenda wenyewe kulitazama shamba, na miparachichi iliyokwisha kuzaa haiwezi kusemwa ilipandwa juzi.

Na kabla hujafungua kesi, mpe mzee nafasi ya kukaa nawe mbele ya wazee na mpatanishi. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza njia hizo, na mahakama inaweza kuwarudisha huko hata baada ya kesi kuanza. Huenda anachotaka ni nyongeza ya bei na anaona aibu kuisema. Mkikubaliana, andikeni upya, mtie saini na mashahidi, kisha muende Bodi ndani ya miezi sita ya mkataba huo mpya. Ila lile daftari usilitaje kabla picha zake hazijahifadhiwa mahali salama.

Mkulima wa Kiminini

Nimeelewa. Kikao na wazee nimekiomba, na wakili nimempata. Nina swali moja la mwisho kwa Wakili wa Bonde. Tuseme nimeshinda na mahakama imeamuru mzee atie saini. Yeye ni mtu mwenye msimamo mkali, anaweza kukataa kabisa kushika kalamu au kufika mbele ya Bodi. Itakuwaje?

Wakili wa Bonde

Kifungu cha 98 cha Sheria ya Utaratibu wa Mashauri ya Madai kinatoa jibu. Aliyeamriwa kutia saini hati akikataa, mahakama inaweza kumteua mtu mwingine atie saini kwa niaba yake, na kwa kawaida mtu huyo huwa Naibu Msajili wa mahakama. Saini hiyo ina nguvu ileile kama ya mzee. Ombeni jambo hili tangu mwanzo katika hati ya madai, pamoja na amri kwamba Naibu Msajili atie saini fomu ya Bodi, ramani ya mgawanyo na hati ya kuhamisha umiliki, na kwamba Msajili wa Ardhi asihitaji hatimiliki halisi iwapo mzee atakataa kuitoa. Mkiiacha mpaka baada ya hukumu, mtalazimika kurudi kwa ombi jingine na kupoteza miezi mingi.

Tenga pia fedha za ushuru wa stempu, ambao kwa ardhi iliyo nje ya mji ni asilimia 2 ya thamani, na thamani hiyo itapimwa na mthamini wa serikali kwa bei ya wakati wa kuhamisha, si ile 1,700,000 ya mwaka 2019.